Koroboi ya Erastus

Erastus Kagwe, mwuza nyama wa Ruiru, aliheshimu vitu viwili duniani: kanisa na mkia wa kondoo. Kanisani alikwenda Jumapili. Mkia aliula kila siku, na mafuta yake akayanywa kwa kikombe kama chai. Ndipo kifua kikaanza kumbana, hata kuinua kisu kukawa kazi ya kumtoa pumzi.

Alitaka kuishi. Alitaka pia kuendelea na mkia. Akamwendea Katunge, mama Mkamba aliyeuza magome ya miti sokoni Thika.

"Chemsha gome hili kwenye supu," Katunge alimwambia. "Unywe ikiwa moto, ujifunike blanketi. Mafuta yaliyoziba mishipa yatatoka na jasho. Jifute kwa kitambaa, ukakizike mbali. Usikiweke nyumbani."

"Na mkia, mama?"

"Umwache kondoo apumzike nao."

Jasho lilitoka kweli, zito, la manjano, likaganda kwenye kitambaa kama samli. Kifua kikafunguka. Mkewe, Ngendo, akaleta jembe.

Erastus akakitazama kitambaa. Tangu afungue bucha hakuwahi kutupa mafuta. Hata yale ya kwenye gogo la kukatia aliyakwangua akayatia koponi.

"Mama Gathoni, unataka nizike mali?" akamwuliza mkewe.

Akakisokota kitambaa kikawa utambi, akakitia kwenye koroboi.

Jioni koroboi iliwaka bila moshi. Mwali ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka. Ngendo aliweka mkono kifuani mwa mumewe, macho kwenye taa.

"Baba Gathoni, moyo wako na mwali vinaenda pamoja."

"Vipi?"

Akaukinga mwali kwa kiganja, kidogo tu. Erastus akashika meza asianguke.

Asubuhi Katunge aliitwa. Alifika, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Nilisema uzike."

"Sasa nizime?"

"Ukitaka kufa, zima. Ukitaka kuishi, ilishe."

Walijaribu mafuta ya mbuzi, mwali ukayatema. Walijaribu mafuta ya taa. Erastus akageuka rangi ya majivu. Koroboi ilitaka kilichotoka mwilini mwake, basi.

Tangu hapo Erastus hula mkia asubuhi na jioni, bila hamu, machozi yakimtoka, kisha hunywa gome na kujifunika blanketi. Ruiru nzima humsifu kwa siha yake. Koroboi huenda naye buchani; chini ya mlango kumekazwa gunia kuzuia upepo, na Ngendo huketi kando ya koroboi akiwafukuza nzi kwa adabu kubwa.

Juzi, adhuhuri, Ngendo alitoka kuteka maji. Akaingia mteja mgeni, kijana mwungwana mno, akakuta taa inawaka jua likiwa utosini na mwenye bucha amewapa wateja kisogo, anakata mbavu.

"Mzee, unapoteza mafuta bure," akasema kwa upole, akainama, akajaza mashavu.