Zana Namba Arobaini na Moja

Jumatatu saa mbili asubuhi, mwalimu wa fizikia alipanga vipimajoto kumi na viwili juu ya meza ya maabara. Wizara ilikuwa imeagiza maarifa ya wenyeji yaingie kwenye masomo ya sayansi, na mkuu wa shule, bila hata kumwuliza, akamwalika mfinyanzi. Mfinyanzi mwenyewe ni dada yake mwalimu, toka nitoke.

Dada akaingia na chungu kibichi. Akakigonga kwa kucha, akasikiliza.

"Hiki bado kina maji tumboni. Kikiacha kulia du, kikalia ngo, ndipo mkipeleke motoni."

Vipimajoto vyote vikapinda shingo, vikamgeukia. Wanafunzi wakaandika madaftarini: vimepinda, saa mbili na robo.

Mwalimu akaona wivu. Miaka kumi na tisa anafundisha joto, hata kimoja hakijawahi kumgeukia! Na watoto wale wale wanaomsinzilia, leo wanagombania viti vya mbele. Dada aliachishwa darasa la nne ili yeye asome. Sasa alitaka na darasa lake?

Mkuu akampa mwalimu fomu ya kumsajili dada shuleni. "Jaza wewe, si ndugu yako?"

Nafasi zilikuwa mbili: mwalimu, au zana za kufundishia. Cheti dada hakuwa nacho. Lakini palikuwa na mstari wa maelezo, mtupu kabisa, na kalamu ilikuwa na wino. Mwalimu akaandika: Zana. Mfinyanzi, mmoja.

Mtunza stoo akampaka dada namba 41 mkononi, kwa rangi nyeupe ya viti.

"Umeandika nini, mdogo wangu?"

"Utaratibu tu, dada."

"Haya."

Ijumaa mkaguzi akaja, akamgonga dada begani kwa kalamu, akasikiliza, akaandika: nzima. Zana hulala stoo, kwa hiyo dada akawekwa rafuni, kati ya mizani na sumaku. Mwalimu akafunga mlango mwenyewe, na jamani, usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu.

Jumatatu iliyofuata akapanga vipimajoto. Vikageukia ukuta wa stoo. Wanafunzi nao wakageuza viti vyao, na mwalimu akabaki anafundisha migongo. Nyuma ya ukuta kucha ikagonga kitu, kikalia ngo. Wakaandika.

Kiranja akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mwalimu, pale kwenye 'somo limefundishwa na', tumwandike nani?"

Mwalimu akapapasa ufunguo mfukoni.

"Niandikeni mimi."