Pengine ya Daktari

Tangu mume wangu aingizwe chumba cha upasuaji, nilikaa na kusimama mpaka mlinzi akaniuliza kama benchi lina kunguni. Nikamwambia kunguni ninao rohoni. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kipande cha chuma kilimrukia jichoni akitengeneza geti bila miwani, eti miwani inamtoa jasho. Jicho la pili halijaona tangu utotoni. Hilo moja lililoumia ndilo lililokuwa likitulisha, na ndilo lililonichagua mimi, kama anavyopenda kujisifu.

Daktari, Mwingereza, alipotoka alizungumza Kiingereza. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi mapokezi ya hoteli, basi akanitafsiria.

"Anasema operesheni imeenda vizuri, kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

"Anadhani ataona. Pengine si kama zamani. Kama baada ya wiki mbili hivi, au tatu, inategemea."

"Muulize, ataona au hataona!"

Akauliza. Daktari akasema maneno mengi, yote ya upole.

"Anasema angependa kuamini hivyo."

"Angependa! Hata mimi ningependa kuwa malkia. Mbona anazunguka mbuyu?"

"Shemeji, ndivyo Kiingereza chao kilivyo. Mgeni wa hotelini chumba kikiwaka moto, anakupigia simu kukwambia anahisi kama kuna joto kidogo."

Sikucheka. "Nenda ukamwambie kaka yako ataona. Basi. Usiongeze chumvi wala sukari."

Akaenda. Mimi nikabaki nikienda na kurudi kwenye korido, nikisoma vibao vya milangoni bila kuelewa hata kimoja. Moyo ulikataa kutulia. Mwishowe nikaingia mwenyewe.

Alikuwa amelala chali, macho yamefungwa bandeji, vidole vinachezea ukingo wa shuka. Alinijua kwa hatua zangu.

"Mke wangu, daktari amesemaje?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu. Likatoka jingine.

"Anasema pengine," nikasema, na machozi yakanitoka. "Anadhani utaona, lakini si kama zamani. Hana hakika. Na mimi sina."

Akashusha pumzi ndefu. Vidole vikatulia.

"Afadhali," akasema. "Mdogo wangu kaja hapa, kaniambia nitaona, kanyamaza. Yule na mdomo wake wote! Nikajua nimeshakuwa kipofu."