Shahada Yangu katika Nchi ya Bi Wasaa

Jumamosi ile nilirudi kutoka shuleni saa saba mchana, nimechoka mwili na moyo. Mimi ni mwalimu wa muziki katika sekondari moja ya wasichana huku milimani Upare, na huu ni mwaka wa nne nasomea uzamili wa elimu ya muziki kwa mtandao, masomo yale wanayoyasifu kwamba unasoma kwa wakati wako. Wenzangu walishavaa majoho, wakapiga picha, wakarudi makazini. Mimi nilikuwa nimebakiza sura moja ya tasnifu, sura ya matokeo, na msimamizi wangu, Dokta Kilua, alikuwa ameniandikia kwamba nyongeza ya muda niliyopewa ndiyo ya mwisho. Sura isipofika siku ile kabla ya saa kumi na mbili jioni, jina langu litaondolewa. Nilifungua kompyuta nikaitazama weee, mpaka macho yakaniwasha. Nikasema nijilaze dakika kumi tu. Nani asiyezijua dakika kumi za mtu anayeikimbia kazi? Hata kichwa hakijatulia kwenye mto, usingizi ulikuwa umeshanichukua.

Nikajiona katika nchi tambarare, ya kijani, isiyo na njia hata moja kwa sababu kila mahali palikuwa njia. Milango ilisimama peke yake uwandani, haina kuta, yote imefunguliwa. Mbali kabisa palikuwa na kilima, na juu yake ukumbi, na kutoka ukumbini nilisikia majina ya wenzangu yakiitwa moja moja, watu wakishangilia. Nikasikiliza kama nitaitwa. Sikuitwa. Mara akanijia mama mmoja mnene, mpole, ananukia udi, amejitanda khanga mpya. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba ya kuvuta, akaniambia yeye ndiye Bi Wasaa na nchi ile ni yake.

"Hapa hakuna kengele, mwanangu," alisema. "Hakuna wa kukusukuma. Ukitaka leo, ni leo. Ukitaka baadaye, baadaye nayo ni yako. Haraka haraka haina baraka."

Akanipeleka barazani kwake, walikoketi wanafunzi wengi, kila mmoja na kompyuta mapajani. Nilikaa karibu na mzee mchangamfu aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi ya magereza. Akanieleza kwamba alikuwa anangoja watoto wamalize mitihani, halafu mahindi yavunwe, halafu mtandao utulie, na Jumatatu bila shaka ataanza. Nilipotazama chini niliona majani yamemwotea mpaka magotini. Nikamuuliza Jumatatu ipi. Akacheka, akanisogezea kiti changu vizuri, na hapo nikaogopa kwelikweli, maana kiti kile kilikuwa kimeandikwa jina langu na mbao zake zilikuwa zimeanza kuoza.

Nikainuka, nikamwambia Bi Wasaa nataka kwenda kilimani. Nilitegemea angenishika mkono anizuie, nipate wa kumlaumu. Hakunishika. Aliniambia kwa upole niende tu, kwani nani amenikataza? Nikaenda. Nilitembea mpaka nyayo zikaniuma, na kila nilipoinua macho kilima kilikuwa kimerudi nyuma kadiri ileile. Nikajaribu kukimbia, kikakimbia nacho. Akatokea bwana mmoja aliyevaa suti yenye beji kifua kizima, jina lake Sifa, amekumbatia vikombe vyote ambavyo kwaya yangu imeshinda katika mashindano ya wilaya. Akanipa kimoja kimoja nivibebe, huku akiniambia kwamba mwalimu wa vikombe sita hahitaji karatasi ya kumthibitisha. Maneno matamu, lakini vikombe vilikuwa vizito, na sikuwa na ujasiri wa kuviweka chini. Nikakaa palepale nikalia, kwa kuwa sikujua tena la kufanya.

Nilipofuta machozi nikaona mbele yangu ubao mweusi, na mwanamke mwembamba, mikono imejaa chaki, anaufuta kwa kitambaa kibichi. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ni Bi Ukweli. Nyuma yake walisimama wasichana wangu thelathini na wawili, sare zimepigwa pasi. Akabandika ubaoni karatasi ya manila yenye mwandiko wangu, noti za do-re-mi juu ya maneno ya wimbo, kama nilivyofundisha miaka kumi na minane. Wasichana wakaziimba noti zile bila kosa. Bwana Sifa akapiga makofi. Kisha Bi Ukweli akaibandua, akabandika nyingine yenye wimbo mwingine kabisa, akawaashiria waimbe.

Wakaimba uleule wa kwanza. Macho yao yalikuwa kwenye karatasi mpya, vidole vyao vikifuata noti mpya mstari kwa mstari, na midomoni zikatoka zilezile za zamani, walizozikariri kama watu wanavyokariri maneno. Nilitaka kuwakatiza, niwape sauti ya kuanzia kama ninavyowapa siku zote. Wote wakanigeukia wakinisubiri, na mimi sina cha kuwapa.

"Ulianza kulijua hili lini?" Bi Ukweli aliniuliza.

Nikamjibu kwamba tangu Machi, siku niliyowarekodi kwa ajili ya tasnifu.

"Basi hukupungukiwa wakati. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nikaamka saa kumi na moja na dakika ishirini. Miezi yote ile nililaumu vipindi, misiba, umeme na mtandao, kumbe nilikuwa nakimbia jibu. Tasnifu yangu ilidai kwamba watoto wangu wanasoma noti. Hawasomi. Nimewafundisha kunifuata mimi. Sura nzima haiandikwi kwa dakika arobaini, nami nilijua hivyo nikiwa bado nimekaa kitandani. Nikatuma kilichokuwepo: ile rekodi ya Machi na sentensi moja kwamba kati ya wasichana thelathini na wawili, walioweza kusoma wimbo mgeni ni sifuri, na mwalimu wao ni mimi.

Baada ya saa kumi na mbili Dokta Kilua akanipigia. Alisema rekodi ameisikiliza mara mbili, na kwamba jina langu limeshaondolewa, hana uwezo nalo tena. Sikubishana. Nilimuuliza tu kama aliyeondolewa anaruhusiwa kuomba upya. Akasema anaruhusiwa, ila itabidi aanze na somo la kwanza kabisa.

"Sawa, Dokta," nikamwambia. "Wanafunzi wangu nao wako hapohapo."