Mistari Arobaini

Dada yangu aliponiambia kwamba kengele ya chumba namba sita hulia baada ya mlango kufunguliwa, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Alikuwa amekaa jikoni kwake, sare ya uuguzi bado mwilini, viatu amevivua, miguu imevimba kwa kusimama tangu alfajiri. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekohoa, akisubiri nimalize. Nilimuuliza kama kuna jini linaloishi kwenye bawaba. Hakucheka. Alisema Jumatatu saa nne asubuhi anaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na wakimtia hatiani basi miaka yake ishirini na miwili ya kazi imekwisha.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili mbili kabla, alasiri, mzee wa chumba namba sita, dereva wa treni aliyestaafu, alibonyeza kitufe cha kuita muuguzi. Alisubiri, hakuja mtu. Akajikokota peke yake kwenda choo cha ndani ya chumba, akaanguka, akavunjika mkono. Kumbukumbu za mashine zilisema kitufe kilibonyezwa saa tisa na dakika kumi, na mlango ukafunguliwa saa kumi kasoro dakika kumi na tisa. Dakika thelathini na moja, mzee akisubiri, kisha akiwa sakafuni. Dada aliapa kwamba muda wote huo alikuwa mezani kwake, hatua chache tu kutoka pale, na kwamba kengele ililia kitasa kikiwa mkononi mwake, alipokuwa anaingia kumkagua tu. Kwenye mahojiano ya kwanza waliandika maneno hayo kisha wakatazamana.

Mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni yetu, na sehemu yake ya chini kabisa niliiandika mimi. Ndiyo maana nilicheka.

Naomba nieleweke. Siwadharau watu wote; nawadharau tu wale wanaotumia kitu bila kujua kimetoka wapi, nao kwa bahati mbaya ndio wengi. Ofisini kwetu tulikuwa kumi na wanane. Karibu wote walikuwa wapaka rangi: huyu anasogeza kitufe kushoto, yule anakirudisha kulia, halafu wanakaa kikao cha saa mbili kujadili kama kijani kimekolea mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na migongo ya wale haijawahi kukunjika. Mimi nilifanya kazi chini ya sakafu yao, pale ambapo lugha ya kisasa tunayoandikia programu hukutana na maktaba kongwe ya mashine yenyewe, yaani akiba ya amri zilizoandikwa zamani, maktaba isiyosamehe kosa wala kulieleza. Kati ya hizo mbili panahitajika daraja. Daraja letu lilikuwa na mistari arobaini. Lilinichukua wiki tatu, na nilipomaliza nililichapa kwenye karatasi nikalibandika ukutani juu ya meza yangu, pale ambapo wenzangu hubandika picha za watoto wao.

Kazi ya daraja hilo naweza kumweleza hata mpaka rangi. Ndani ya mashine ya wodi kuna uzi mmoja wa utendaji, yaani mfululizo mmoja wa kazi, ambao maisha yake yote ni kuzunguka. Unatazama foleni: kuna jambo? Mlango umefunguliwa, unaonyesha kwenye skrini ya ukumbini. Kitufe kimebonyezwa, unapiga kengele. Foleni ikiwa tupu, unalala, maana uzi usiolala unakula umeme bure. Pembeni yake kuna uzi mwingine unaopokea mabonyezo ya vitufe. Huo huandika saa kwenye kumbukumbu, kisha hulipitisha jambo kwenye daraja langu mpaka kwenye foleni ya mwenzake. Mistari arobaini tu, na hakuna hata mmoja wa kupamba.

Kulikuwa na mwanamke aliyeajiriwa kupima kazi zetu. Tulimwita Bibi Kwa Nini, jina nililolitunga mimi, na likamganda. Mwaka jana alisoma daraja langu, akaja mezani na daftari lake la jalada jekundu, akauliza: jambo likiwekwa kwenye foleni wakati uzi umelala, nani anauamsha? Nilimjibu kwa subira ambayo siku hizi naikumbuka kwa kichefuchefu. Nilimwambia skrini ina saa, saa inabadilika kila sekunde, kwa hiyo uzi hauwezi kulala zaidi ya sekunde moja. Nimejaribu mara elfu tatu, kengele imelia mara elfu tatu.

“Na saa ikiondolewa?” akauliza.

“Saa haiondolewi. Kasome kwanza, halafu ndiyo uje uniulize.”

Wapaka rangi walicheka, nami nikafurahia kicheko cha watu niliokuwa nikiwadharau. Yeye hakubishana. Aliandika swali lake kwenye kumbukumbu za kazi, na mimi nikalifunga kwa neno moja: Hapana.

Basi Jumapili, siku moja kabla ya kikao, nilibeba kompyuta yangu nikaenda wodini, si kumsaidia dada bali kumkomesha. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha kwa macho yake kwamba mashine haidanganyi, ili Jumatatu akiri tu kwamba alipitiwa na usingizi na kuomba radhi. Mtu akikiri hupunguziwa. Nilijiona mdogo wake mwenye huruma kubwa.

Wageni walikuwa wameshaondoka. Korido ilikuwa imepigwa deki, harufu ya dawa bado mbichi, na milango yote kumi na miwili ya vyumba imefungwa kwa sababu wazee walikuwa wamelala baada ya chakula cha mchana. Kila mlango una kihisio kidogo juu ya fremu, cha kuwajulisha wauguzi kama mgonjwa anatangatanga. Dada alikuwa mezani anaandika, mgongo umenyooka, kama mtu anayejua kwamba siku hizi kila anayepita anamkagua. Kulikuwa kimya kabisa. Nikamwambia abaki pale pale asikilize, nikaingia chumba namba sita nikafunga mlango.

Mzee alikuwa macho, mkono wake wa kulia kwenye plasta, umeegeshwa juu ya mto. Nilijitambulisha. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka miwani.

“Kwa hiyo wewe ndiye mwenye hii kengele,” alisema.

Nilimwambia ndiyo, na kwamba nimekuja kuthibitisha inafanya kazi. Nikakibonyeza kitufe chake. Taa ndogo nyekundu ikawaka, ishara kwamba bonyezo limepokelewa. Nikakunja mikono nikasubiri mlio kutoka kule ukumbini.

Dakika moja ikapita. Niliangalia saa yangu. Ya pili ikapita, na ya tatu. Nilianza kumlaumu moyoni fundi aliyefunga kipaza sauti, kisha aliyevuta nyaya, kisha mtu asiye na sura aliyenunua vifaa vya bei rahisi. Nilikuwa na orodha ndefu ya wajinga, na nilikuwa naipitia jina kwa jina.

“Usijichoshe na saa,” mzee alisema. “Haitalia mpaka mtu afungue mlango.”

“Nani amekuambia?”

“Kila mtu anajua. Mfagiaji anajua. Mimi sasa nikitaka kitu namsubiri mfagiaji.”

Nilitaka kumwambia kwamba kuendesha treni hakumfanyi mtu ajue mambo ya foleni na nyuzi. Dakika ya saba nilisimama, nikashika kitasa, nikafungua.

Kengele ikalia.

Dada alikuwa amekaa vilevile, kalamu imelala mezani, viganja vyake vyote viwili juu ya karatasi, ananitazama. Nyuma yake skrini ilionyesha namba sita kwa rangi nyekundu. Nikaiangalia skrini hiyo kwa mara ya kwanza tangu niingie. Ilikuwa nadhifu, ina namba za vyumba na hakuna kingine.

“Saa iko wapi?” nikauliza.

“Tuliomba iondolewe. Ilikuwa inamemeta, wazee wanalalamika. Wenzako walikuja mwezi uliopita wakaitoa.”

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, nikafungua kompyuta magotini, nikaisoma mistari yangu arobaini. Sikuhitaji kusoma yote. Palikuwa na mstari unaoweka jambo kwenye foleni, na mstari unaofuata ulimaliza kazi na kuondoka. Nilikuwa nimeacha mzigo kizingitini kwa mtu aliyelala, nikaenda zangu bila kupiga hodi. Kwa mwaka mzima saa ya skrini ndiyo iliyokuwa ikimtikisa kila sekunde kwa shughuli zake nyingine, naye akiamka anaukuta mzigo wangu. Saa ilipoondoka, zikabaki nyakati za msongamano, milango ikifunguliwa na kufungwa, na kila mlango humwamsha kwa njia yake yenyewe, kwa hiyo kosa halionekani. Ila alasiri ya Jumapili, wodi imetulia, mzee anabonyeza na taa inamwambia amesikika. Na ile maktaba kongwe niliyoitukuza ilikuwa imeweka njia ya kumwamsha, katika ukurasa wa kwanza kabisa wa maelezo yake, ukurasa niliomwambia mwenzangu akausome. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimelibandika la kwangu ukutani.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini tabia haifi kwa aibu ya robo saa, kwa hiyo nilipoanza kuandika barua ya kikao niliianza hivi: Kutokana na mabadiliko ya skrini yaliyofanywa na idara nyingine bila kuzingatia utaratibu wa ndani wa mzunguko wa matukio. Ilikuwa sentensi nzuri. Kila neno ndani yake lilikuwa la kweli. Dada alisimama nyuma yangu akaisoma mara mbili, midomo yake ikitembea.

“Kwa hiyo mwenye kosa ni saa?” akauliza.

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kama muuguzi anavyouliza panapouma, na ndilo lililonimaliza. Nikafuta yote. Nikaandika kwamba kengele haikulia mpaka muuguzi alipofungua mlango, kwamba alichosema tangu mwanzo ni kweli, kwamba kosa liko kwenye kazi yangu, na kwamba niliulizwa swali hilohilo mwaka jana nikalikataa. Nilitaka kumtaja aliyeuliza. Nilipofika hapo vidole vikasimama, kwa sababu nilikuwa silijui jina lake. Mwaka mzima tumekaa chumba kimoja. Ilinibidi kulitafuta kwenye orodha ya wafanyakazi, nikaliandika lote, na nakala ya barua nikamtumia yeye pia. Sikujua atajibu nini. Sikujua kikao kitasema nini. Watu waliokwisha kutazamana vile huwa hawapendi kuambiwa walitazamana bure.

Mstari wa arobaini na moja niliuandika kwa dakika nne. Lakini mashine ya wodi haiguswi bila mtunzaji wake, naye huja Jumatatu asubuhi, na simu yake ilikuwa imezimwa.

“Na leo?” dada akauliza.

Nilitazama ile milango kumi na miwili. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mtu na kitufe na taa ndogo nyekundu inayoahidi. Mwisho wa korido kulikuwa na stoo ya mashuka, na mlango wake nao ulikuwa na kihisio juu ya fremu. Nikachukua kile kiti cha plastiki nikakipeleka pale.

Nikafungua mlango wa stoo, nikaufunga. Nikahesabu mpaka sitini, nikafungua, nikafunga. Mfagiaji alipita na ndoo, akaniangalia, akaangalia mlango, akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Nilijua ananiona mtu gani, na sikuwa na cha kumrekebisha. Kutoka chumba namba sita nilimsikia mzee akicheka peke yake. Dada alirudi mezani kwake, akaichukua kalamu, lakini hakuandika. Alikuwa anasikiliza.

Nilipofungua mara ya kumi na tisa, kengele ya chumba namba tisa ililia. Dada alikuwa ameshasimama kabla mlio haujaisha. Alipita mbele yangu haraka, viatu vyake vikisugua sakafu, bila kunitazama, nami nikaufunga mlango nikaanza tena kuhesabu.