Hadithi Iliyokunjiwa Mashati

Tuelewane kwanza: sikuacha takataka pale kwenye rafu yangu. Kwenye duka la dobi napiga pasi kutwa nzima, mgongo unaniuma, mvuke unanipofusha, na saa ya chakula ndiyo pekee iliyo yangu. Wenzangu wakila, mimi naandika. Daftari sina, basi nilikuwa naandika kwenye vile vipande vya boksi tunavyoweka ndani ya mashati yasijikunje. Hadithi ya mama aliyefukuzwa nyumbani na shemeji zake ilikuwa imebaki mwisho tu.

Juzijuzi nikaugua, nikalala nyumbani siku moja. Niliporudi, rafu yangu ilikuwa tupu.

"Maboksi yangu yako wapi?" nikamuuliza wifi yangu, ambaye kazi yake pale ni kukunja.

"Si nimekunjia mashati? Yale matupu yaliisha."

"Yameandikwa, wifi. Hukuona?"

"Niliona. Nikageuza maandishi yakae ndani, mteja asione uchafu."

Uchafu. Jamani, nilitamani kumrushia pasi. Akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hayo si maji, na asinisemeshe tena. Nikanuna wiki nzima, sikuandika hata mstari mmoja. Niandike nini, na hadithi yangu imelala kwenye makabati ya watu nisiowajua?

Ndipo akaja mwalimu mmoja, mteja wetu, na shati safi ambalo hata hajalivaa. Akachomoa boksi akaliweka mezani.

"Nani kaandika hii? Nataka kujua kama huyu mama aliwasamehe."

Nilitaka kulia, na kutaka kulia kukanitia hasira zaidi.

Kabla sijafungua mdomo, bosi wetu, tunayemwita Haraka-Haraka, akadakia. "Ni huyu hapa. Hiyo huduma yetu mpya." Mwalimu alipoondoka, akanigeukia meno yote nje. "Sasa utaandika kila boksi. Fupifupi, za kuchekesha, na namba ya simu ya duka chini. Saa ya chakula si unayo?"

"Hapana," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema hapana, bosi. Saa zote nyingine ni zako, na pasi nakupigia. Saa ya chakula ni yangu."

Akasema kazi hii wako wengi huko nje wanaililia. Nikamwambia awaite, watakuta pasi bado ya moto. Akanitazama, akatazama lile rundo la mashati yaliyokuwa yananisubiri, akaondoka akinung'unika.

Wifi akanisukumia maboksi matupu mbele yangu. Sikumshukuru, maana yeye naye nilikuwa sijamaliza kumkasirikia.

Saa ya chakula ilipofika nikakaa, nikaanza upya tangu mwanzo. Awali nilikuwa nimepanga yule mama awasamehe shemeji zake. Safari hii hakumsamehe mtu.