Kidonge cha Watu Wanne

Mara ya kwanza Rachida alipompima Baba Sudi, mashine ilionyesha 212 juu ya 124. Akadhani imeharibika. Akajipima mwenyewe, akapata 116 juu ya 74, akarudi kwa mzee. Namba ikawa ileile.

"Inanionea wivu," Baba Sudi akasema. "Miye niko muzima. Jana nimelima mpaka jua likachoka."

Rachida alikuwa muuguzi, ametumwa na watafiti wa presha kupita nyumba thelathini za mtaa wa Mikelenge. Kila nyumba mtu mmoja huangukiwa na kura. Huyo hupimwa, hupewa dawa, kidonge kimoja kila asubuhi. Akamwachia mzee vidonge vya mwezi.

Mwezi ukaisha. 208 juu ya 120.

"Baba, dawa unakunywa?"

"Kila asubuhi."

Hakuwa mtu wa uongo. Mkewe, Mama Mwavita, ndiye aliyeleta kisahani: kidonge kimekatwa kwa wembe vipande vinne. Cha mzee, chake, cha binti yao Princesse, cha jirani yao Bulaimu.

"Wakati wa vita," Baba Sudi akaeleza bila haraka, "muji ulipofungwa, tulikuwa porini watu tisa na malaria, na dawa ya mutu mumoja. Nilikata. Tuliingia tisa, tukatoka tisa. Sasa unataka nikunywe peke yangu, bibi yangu ananitazama?"

Rachida akachukua mashine. Akawapima wote. Princesse na Bulaimu hawakuwa vibaya. Mama Mwavita, aliyekuwa akicheka muda wote, alikuwa na 198 juu ya 126. Rachida akamwandikia karatasi ya kituo cha afya. Alijua dawa hiyo imeisha kituoni, na shehena mpya inangoja treni ya Kalemie. Akaandika hivyo hivyo. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Daktari Gérard, mkuu wa utafiti, alimsikiliza mpaka mwisho. "Akigawa tena, tunamtoa. Na mke usimpe kitu. Hakuchaguliwa."

Rachida akarudi kwa mzee. Akamweleza polepole kwamba robo haitibu presha ya mtu yeyote. Kwamba akikata, wote wanne wanabaki bila dawa.

Baba Sudi akamtazama mkewe.

"Kunywa, baba," Mama Mwavita akasema. "Miye nitangoja treni. Umeendesha treni miaka makumi mbili, nikikungoja kila siku. Nitashindwa kuingoja yenyewe?"

Baba Sudi akameza kidonge kizima, amefumba macho kama mtu anayeiba.

Wiki ya tatu tangu hapo Rachida alikuta viatu vingi mlangoni na watu wamekaa uani. Ndani, Mama Mwavita alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia umelala pale kama si wake. Ilimpata usiku wa jana, Princesse akasema. Kituoni wamemtazama, wakamrudisha nyumbani. Treni ilikuwa bado.

Rachida akapiga magoti kando ya mkeka. Baba Sudi alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

"Pima."

"Baba, leo tuache."

"Pima. Hiyo njo kazi yako."

Akampima. 136 juu ya 84. Katika nyumba thelathini, hakuna aliyekuwa ameshuka kiasi hicho.

"Ni muzuri?"

"Ni muzuri, baba."

"Andika."

Alingoja mpaka kalamu iliposimama. Kisha akateremsha mkono wa shati, akainama, akaanza kumgeuza mkewe upande wa pili.