Stoo ya Nyuma

…nne kati ya tano, nimpe nne tu tumalize, maelezo ya zana yake yamenyooka, sentensi fupi, mifano sita, na Msomi amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai anajifanya anatazama ratiba ukutani kumbe macho yote yako kwenye kompyuta yangu, tunamwita Msomi kwa sababu ndiye pekee ofisini anayesoma hata karatasi ya dhamana ya feni, kisanduku kimoja tu kimebaki, dada, ndivyo alivyosema, nikijaza nne zana yake ya kutafuta inaingia hospitalini Jumatatu, na wakala wa akili unde, programu ile inayojiendesha yenyewe, ataanza kuitumia kutafuta mafaili ya wagonjwa badala ya makarani, nikijaza pungufu haiendi popote, na kazi yangu ni kusoma maelezo kana kwamba mimi ndiye huyo wakala, nisijue lolote ila kilichoandikwa, maana yeye hana jirani wa kumgusa bega amuulize… nimesoma mara tatu, jina liandikweje, tarehe iandikweje, safi kabisa, halafu mstari wa mwisho, zana isipopata kitu inarudisha orodha tupu, basi, na hapo kidole kimegoma, tupu kwa sababu mgonjwa hayupo au kwa sababu hatukutafuta kote, asubuhi nilimuuliza Msomi akacheka, zana inapekua mafaili ya miaka miwili tu, ya zamani yana hifadhi yake, mbona hukuandika, nikamwambia, naye, "Hilo kila mtu analijua, dada"… kila mtu, ndivyo nilivyodhani na mimi nilipohama masjala ya hospitali, nikaambiwa nimwandikie karani mpya maelekezo, nikaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wangu ule wa kujidai, kabati la kwanza herufi hizi, la pili zile, faili lisipoonekana fungua jipya, na stoo ya nyuma, tulikohamishia mafaili ya watu wasioonekana miaka miwili, sikuitaja, nani asiyeijua stoo, si humo tulimokuwa tunanywea chai, miezi minne baadaye mama yangu akapelekwa na homa, mama anayejisifu kwamba miaka mingi hajakanyaga hospitali, karani akapekua kabati la kwanza, la pili, akasema hakuna, akafungua faili jipya, jeupe, lisilo na ule wino mwekundu unaotaja dawa isiyopatana na mwili wake, wakamchoma sindano, uso ukavimba hadi macho yakafumba, siku tatu hatukujua kama ni wetu au si wetu… alipona, nashukuru, mpaka leo anakosoa mboga zangu, lakini nilikwenda kwa mkuu wa masjala nikawaka, na yule karani, binti ambaye hata miaka ishirini na mbili hajafikisha, hakujitetea, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne akaiweka mezani, akasema, "Nilifuata hii," na mkuu hakuinyanyua, niliinyanyua mimi, nikauona mwandiko, nikaikunja nikaitia kwenye pochi, akafukuzwa kwa uzembe jioni ileile na sikusema neno, naona aibu, naona aibu hata sasa… "Vipi, dada, imekosa nini?" anauliza Msomi, nami nautazama mstari ule wa mwisho, Jumatatu wakala ataambiwa tupu, atasema hakuna, kwa adabu zote na bila wasiwasi wowote, mama wa mtu atafunguliwa faili jeupe, na watu watasema mashine imedanganya, mashine ambayo imefuata ukurasa neno kwa neno, hapana, ni moja, nitajaza moja, na Msomi akinuna na anune, sentensi moja tu ataiongeza na wiki ijayo nitampa tano yake, hilo halinisumbui tena, kisanduku bado kitupu, chai yake haijapoa, kinachonisumbua ni mama, kila akimtaja yule karani anasonya, na mimi miaka yote hii namwachia asonye, leo nikifika nitakaa ukingoni mwa kitanda chake kabla hata sijavua viatu, nimwambie, mama, yule binti hakuzembea, alisoma nilichoandika mimi.